Muulize Mwalimu: Podikasti, dripu na kanga mbili

Miezi miwili iliyopita nilidokeza hapa, mistari mitatu tu, kwamba tangu nistaafu kufundisha wauguzi nimekuwa nikisikiliza podikasti za madaktari huku nakuna nazi. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimeingia kutoka Pangani, Muheza, Lushoto, na moja kutoka kwa jirani yangu hapahapa Chumbageni ambaye angeweza kunigongea ukuta akaokoa muda. Nimechagua tano. Kwa asiyelijua neno lenyewe, podikasti ni kipindi cha sauti kinachowekwa kwenye intaneti. Unakipakua kwenye simu, unakisikiliza saa utakayo, na kikikuchosha unakizima bila kumkosea mtu adabu.

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya njia ya Horohoro. Naishi Makorora, kwa hiyo kila siku nakaa kwenye daladala zaidi ya saa moja kwenda na zaidi ya saa moja kurudi. Mwaka mzima sasa nasikiliza podikasti za madaktari wa Marekani na Kanada. Nikishuka garini najiona profesa. Wiki iliyopita kwenye raundi daktari aliniuliza juu ya degedege lisilokoma kwa mtoto, jambo nililolisikiliza jana yake tu. Nikabaki natoa macho. Wenzangu walicheka, na mganga mfawidhi akasema elimu ya masikioni huingilia huku ikatokea kule. Je, napoteza muda wangu? – Tabibu wa daladala*

Marahaba, mwanangu. Hao waliocheka wasikutie unyonge. Nazijua wodi zetu: anayekucheka leo ndiye atakayekuja kukuomba umrushie kipindi kesho. Muda hupotezi. Ila mkishuka garini, wewe unaelekea kituoni na somo linaelekea kwao.

Hebu nikurudishe nyuma. Mwaka 1973 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, Pongwe, katikati ya mashamba ya mkonge. Mwaka huo serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Vipindi vilirushwa na Redio Tanzania, na nchi nzima watu wazima wapatao milioni mbili wakakaa kwenye vikundi kuvisikiliza. Baba yangu alikuwa kiongozi wa kikundi cha mtaani kwetu, si kwa usomi, ila redio ya betri ilikuwa yake. Wanakikundi walikaa chini ya mwembe. Kipindi kikianza, hakuna kukohoa. Kikiisha, baba anazima redio (betri ghali), anafungua kijitabu, anasoma taratibu kwa kidole, halafu anainua uso na kuuliza swali lake lilelile: "Haya. Na hapa kwetu je?"

Hapo ndipo mkutano ulipoanza hasa. Mkata mkonge mmoja alishikilia kwamba malaria huletwa na maembe mabichi. Mama yangu akamuuliza mbona mtoto wake anayenyonya ana malaria, embe amelila lini? Walibishana mpaka giza likaingia na mbu wenyewe wakaja kutoa ushahidi. Wiki ile ile nyasi zilifyekwa, na mwezi uliofuata tulichimba choo. Choo kile nilikiacha pale nilipoolewa.

Wewe, mwanangu, una redio, tena bora kuliko ya baba. Kikundi huna, kijitabu huna, na hakuna anayekuuliza hapa kwetu je.

Na hiyo hali ya kujiona profesa unaposhuka garini, ina maelezo yake. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio moja dogo lililo zuri sana. Wanafunzi walisoma kifungu. Kisha wengine walikisoma tena, na wengine walifunika karatasi wakaandika walichokumbuka. Walipopimwa dakika tano baadaye, waliorudia kusoma ndio walioongoza. Walipopimwa baada ya wiki, mambo yalipinduka: waliojisumbua kukumbuka waliwaacha wenzao mbali. Wewe unajipima kwa zile dakika tano, ukiwa bado umeshika mlango wa daladala. Daktari amekupima baadaye.

Kwa hiyo kipindi kimoja kwa safari, basi. Kikiisha, usiwashe kingine hata kama bado mko mbali. Toa eafoni, tazama minazi, na ujieleze moyoni kama unayemfundisha mwanafunzi: mtoto ana degedege, kwanza nafanya nini, halafu nini, dawa ipi, kiasi gani kwa kilo, nikikosa mshipa napitia wapi. Utakwama. Pale ulipokwama ndipo paandike, na ukifika kituoni ufungue Mwongozo wa Matibabu wa Taifa ukaangalie palepale, si kitabu kizima. Kisha wakati wa kupokezana zamu muombe mwenzako mmoja dakika tatu umsimulie. Atabisha. Ukibishiwa shukuru, maana hicho ndicho kikundi chako cha chini ya mwembe.

Nilikuwa nadhani ubaya uko kwenye gari, kwamba mtu hawezi kujifunza huku anatikiswa. Watafiti wa Marekani wakawapima madaktari waliokuwa wakisomea tiba ya dharura, mara wasikilize wakiwa wanaendesha, mara wakiwa wameketi. Alama hazikupishana kwa kiasi cha maana. Basi nimenyamaza. Lakini hao walikuwa ndani ya gari. Ukipanda bodaboda, au ukiwa wewe ndiye dereva wa pikipiki, eafoni ziwe mfukoni. Nimewafundisha vijana wengi kufunga mifupa iliyovunjika, sitaki waje kuufunga wako.

Sasa nikuambie kwa nini lile swali la baba nalishikilia hivi. Mwaka 2014 nilikuwa bado nafundisha hapa Tanga. Usiku mmoja nikasikiliza kipindi cha ng'ambo juu ya mtoto mwenye homa kali na mshtuko: mikono ya baridi, mapigo dhaifu, anapumua kwa taabu. Daktari yule alikuwa na sauti ya msoma taarifa ya habari. Akasema mpe maji ya mshipa haraka, mililita 20 kwa kila kilo, mtazame, rudia, mtazame, rudia. Nikaandika yote. Asubuhi nikaingia darasani nikalimwaga kama lilivyo, kwa madaha, nikijua hakuna mwalimu mwingine chuoni aliyelisikia.

Binti mmoja wa nyuma, mtoto wa Muheza, akanyoosha kidole. "Mwalimu, shangazi yangu ni muuguzi hospitali ya Teule. Mbona anasema wao waliacha?"

Nilimjibu kwa ukali kidogo, Mungu anisamehe, kwamba tusichanganye habari za mashangazi na sayansi. Jioni nikatafuta. Shangazi alikuwa sahihi, na sayansi ilikuwa yake. Utafiti unaitwa FEAST, uliongozwa na Kathryn Maitland, ukachapishwa mwaka 2011 katika jarida la New England Journal of Medicine. Uliingiza watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, na hospitali yake ya Tanzania ilikuwa Teule ya Muheza, chini ya saa moja kwa basi kutoka pale nilipokuwa nimesimama na chaki. Watoto wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri waligawanywa: wengine wapewe maji ya haraka kwa wingi, ya chumvi au yenye albumini (protini ya damu), wengine wapewe maji ya kawaida ya kumtunza mtoto tu. Kila mtu alitarajia maji ya haraka yaokoe. Kati ya waliopewa, zaidi ya 10 katika kila 100 walifariki ndani ya saa 48. Kati ya wasiopewa, kama 7. Januari 2011 wasimamizi wa usalama waliufunga utafiti kabla haujatimiza idadi iliyopangwa.

Yule daktari wa sauti nzuri hakusema uongo. Alikuwa akisema na hospitali yenye chumba cha watoto mahututi, yenye mashine ya kupumulia na muuguzi mmoja kwa mgonjwa mmoja, mahali ambapo mtoto akijaa maji mapafuni wanaona mapema na wana cha kufanya. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2020 kuhusu watoto wenye maambukizi makali ya damu umezitenganisha hali hizo mbili waziwazi: penye chumba cha mahututi ushauri ni mmoja, pasipo nacho na presha ya mtoto haijashuka, usimwagie maji ya haraka. Na usije ukaenda na habari nusu kama nilivyokwenda mimi: utafiti ule haukuwaingiza watoto waliokaukiwa maji kwa kuharisha, wala wenye utapiamlo mkali. Hao wana taratibu zao, na anayekauka kwa kuharisha bado anahitaji maji.

Nilirudi darasani kesho yake nikamwomba radhi binti yule mbele ya wenzake. Nilikuwa na miaka 50 na ushei, na masikio yalikuwa yamewaka moto. Tangu siku hiyo, kila kipindi nikisikiliza, naandika juu ya ukurasa: hawa wanaosema wana nini ambacho sisi hatuna? Na mara nyingine kinyume chake, maana kuna mambo ya malaria ambayo mkunga wa Maramba anayajua kuliko profesa wa Boston.

Mganga mfawidhi wako mpelekee salamu zangu. Mwambie ya masikioni huingilia huku na kutokea kule pale tu katikati pasipo na mtu wa kuyazuia.

*Mwalimu, mimi ni mkunga, Pangani. Nimejaribu hizo podikasti lakini Kiingereza chao kinakimbia kama kinafukuzwa, na bando langu la wiki likifika Jumatano limekwisha. Nawezaje? Na je, kuna jambo la leba ambalo mtu anaweza kujifunza kwa sikio kweli? – Mkunga wa Pangani*

Mdogo wangu, tuanze na bando, maana bila hilo mengine ni hadithi. Kipindi cha sauti ni kidogo kuliko unavyodhani. Nusu saa, kikiwa kimewekwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, hakifiki MB 15. Kikiwa cha kilobiti 128 ni kama MB 29. Kinachokumaliza ni kukisikilizia kwenye mtandao wa video, ambako picha ya watu wawili waliokaa na maikrofoni inakula bando mara nyingi zaidi, na hao watu wala si wazuri kiasi hicho. Tumia programu ya podikasti yenyewe. Ndani yake kuna mahali pa kuchagua kupakua kwa Wi-Fi peke yake. Chagua hapo, kisha siku ukienda mjini, kwa ndugu mwenye Wi-Fi au ofisini, pakua vipindi vinne vya wiki nzima. Ukirudi Pangani unasikiliza bila kulipa senti. Uzime pia kule kujipakulia kwenyewe, maana programu nyingine hupenda kujileta kila kipindi kipya kinapotoka, ukataka usitake.

Kiingereza nacho kina dawa. Programu hizo zina kitufe cha kasi. Wengi hukitumia kuongeza, wewe kitumie kupunguza. Mzungumzaji atasikika kama amelewa kidogo, utazoea. Dawa bora zaidi ni kuchagua podikasti zenye muhtasari wa maandishi. Emergency Medicine Cases ya Toronto, kwa mfano, huambatanisha maelezo yaliyoandikwa. Soma kwanza, ndipo usikilize. Ukishajua wanakokwenda, hata wakikimbia utawafikia. Kwa mambo ya vimelea mimi napenda This Week in Parasitism. Husimulia kisa cha mgonjwa, wasikilizaji wakakisie ugonjwa, jibu linakuja kipindi kijacho. Mara mbili nimepata mimi bibi mzima na kikuna nazi mkononi. Visa vingi hutoka sehemu kama zetu, kwa hiyo huko sisi ndio wenyeji. The Curbsiders ni wachangamfu lakini ni wa magonjwa ya watu wazima Marekani, nusu ya dawa wanazozitaja hutaziona stoo.

Sasa leba. Kuna kinachofundishika kwa sikio, na kuna kisichofundishika. Utaratibu, mfuatano, sababu: hivyo vinaingia. Chukua kutokwa na damu baada ya kujifungua. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, wanawake zaidi ya 210,000. Badala ya kufanya jambo moja, kusubiri, kisha kujaribu jingine, wakunga walipima damu tangu mwanzo kwa shuka maalumu ya plastiki yenye mistari ya vipimo, na ikivuka mpaka walifanya yote kwa pamoja: kukanda mji wa mimba, dawa ya kuufanya ukaze, asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu igande), maji ya mshipa, kuchunguza damu inatoka wapi na kuita msaada. Matukio ya damu nyingi mno, upasuaji kwa ajili ya damu, au kifo kwa ajili yake, yalipungua kwa asilimia 60. Hili ukilisikiliza vizuri mara mbili unaweza kulisema ukiwa umelala, na litakufaa, kwa sababu usiku saa tisa ukiwa peke yako huna nafasi ya kufungua kitabu.

Lakini sikio halijui mililita 500. Jicho nalo hudanganya. Karibu wote tunakisia pungufu. Wenzetu wa Kigoma waliliona hili zamani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, wakunga wa jadi walifundishwa kuhesabu kwa kanga: kanga mbili za kawaida zikilowa, mama amefika kama nusu lita, chukua hatua. Niliposoma habari ile nilicheka kwa furaha. Miaka yote tunavaa kipimo kiunoni hatujui.

Darasani nilikuwa nikifanya hivi, na wewe fanya na wenzako siku isiyo na kazi nyingi. Chemsha rozela iwe nyekundu sana, ipoe. Pima mililita 500 kwa jagi, imwage juu ya kanga kuukuu iliyotandikwa kwenye mpira wa kitanda, nyingine ianguke sakafuni. Usiwaambie ni kiasi gani. Kila mtu aandike anachokisia. Darasani kwangu kulikuwa na walioandika 200. Mmoja aliandika 150, akaja kuwa mkunga hodari kweli, nadhani kwa sababu ya aibu ya siku ile. Baada ya hapo ndipo wasikilize kipindi. Utaona wanavyosikiliza.

*Bibi Mwalimu, mimi si mganga, ni fundi baiskeli Ngamiani. Kijana wangu aliniwekea podikasti za madaktari. Nilisikia daktari mmoja akisema wazee wengine hupewa dawa za presha nyingi kuliko wanavyohitaji. Yangu ilikuwa imeshashuka, nikaacha vidonge mwezi wa pili huu, najisikia vizuri. Nimefanya sawa?*

Hapana, kaka yangu. Presha yako ilishuka kwa sababu ulikuwa ukimeza vidonge, na kujisikia vizuri si kipimo. Presha haipigi kengele kama baiskeli zako. Nenda kliniki wiki hii, si ijayo, ukapimwe, uwaambie kweli kwamba uliacha na lini. Usianze tena mwenyewe nyumbani kwa kubahatisha. Daktari uliyemsikia alikuwa akiongea na madaktari wenzake juu ya wagonjwa anaowaona yeye. Hakukuona wewe. Inawezekana kweli dozi yako yahitaji kupunguzwa. Hilo liulize kliniki, ni swali zuri. Na kijana wako mwambie akuwekee taarabu.

*Jirani, hii yote ya kusikiliza, kwenye kuhuisha leseni inahesabika?*

Jirani, ungegonga ukuta. Kusikiliza peke yako hakukupi alama. Alama za mafunzo endelevu hutoka kwenye mafunzo ya mtoaji anayetambuliwa na Baraza lako, wewe la Uuguzi na Ukunga, mumeo la Madaktari, na kila moja lina utaratibu wake. Zipo podikasti za ng'ambo zinazotoa cheti baada ya kujibu maswali, nyingi kwa kulipia. Kabla hujatoa dola yako uliza Baraza kama cheti hicho wanakipokea. Lakini lile daftari la maswali uliyokwama, litunze. Siku mkiandaa mafunzo kazini mada zitakuwa tayari, na hapo ndipo alama zilipo.

*Shikamoo Mwalimu. Sisi ni wauguzi wawili, tumemaliza chuo mwaka juzi. Tumechoka kusikiliza Wazungu. Tunataka kuanzisha podikasti yetu kwa Kiswahili, kwa ajili ya wauguzi na matabibu wa zahanati. Tuna simu mbili na ari. Tunaanzia wapi, na tuogope nini? – Wawili wa Nguvumali*

Marahaba wanangu. Barua hii nimeiweka mwisho ili niifaidi.

Mnajua ninyi si wa kwanza kufikiri kwamba mganga ana masikio yaliyo bure njiani? Huko California tangu miaka ya 1950 madaktari walikuwa wakitumiwa kanda za sauti za Audio-Digest, wasikilize muhtasari wa majarida. Neno podikasti lilikuwa bado. Lilikuja kuandikwa gazetini Uingereza mwaka 2004. Na mwaka 2012, Dublin, madaktari wa dharura wakiongozwa na Mike Cadogan wa Australia wakaanza kuita mafundisho ya namna hii, ya bure na ya wazi kwa wote, kwa jina la FOAM, kifupi cha maneno hayo kwa Kiingereza, ambacho pia ni neno la povu. Inasemekana jina lilitoka kwenye glasi ya bia iliyokuwa mezani. Ninyi lenu litoke kwenye kahawa.

Vifaa msihangaike. Simu inatosha. Kinachoharibu sauti ni chumba. Zimeni feni, funikeni dirisha kwa blanketi, kaeni kati ya kitanda na kabati la nguo, simu iwe kiasi cha shubiri moja na nusu kutoka mdomoni, juu ya foronya iliyokunjwa. Msirekodi saa za adhana wala saa za daladala za shule. Dakika 15 zinatosha. Nimesikiliza vipindi vya saa mbili ambavyo ndani yake mlikuwa na dakika 9 za somo na vingine vyote ni kuchekeana.

Kiswahili chenu kiwe cha wodini, si cha kamusi. Semeni dripu, semeni leba, semeni presha. Lakini dawa itajwe kwa jina lake kamili, na dozi isemwe mara mbili, taratibu, tarakimu moja moja: "kumi na tano, yaani moja tano, si hamsini." Namba zinaweza kuchanganyika kwenye eafoni mbovu, na huko mwisho wa waya kuna mtoto. Kila dozi iangaliwe kwenye mwongozo na mtu wa pili kabla ya kurusha, na tarehe ya kurekodi isemwe mwanzo wa kipindi, kwa sababu miongozo hubadilika na sauti yenu itaendelea kuzunguka kwenye simu za watu miaka kumi baadaye ikifundisha mambo yaliyokwisha kuachwa.

Cha kuogopa ni visa vya wagonjwa. Mtasema "hatukutaja jina." Tanga hii! Mkisema tu "mama wa Sahare aliyejifungua mapacha wodini wiki ya Idi, mumewe mvuvi", mmeshamtaja, bado namba ya nyumba. Mwaka 2022 ilipitishwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na habari za afya ya mtu zimo katika zile nyeti. Badilisheni umri, mtaa, msimu, kazi ya mume, na hata hivyo muulizeni mwenyewe kama mnaweza. Njia rahisi zaidi: tungeni kisa kutokana na wagonjwa watano, mseme wazi kwamba mmekitunga. Msirekodi wodini hata kidogo, kwa maana nyuma ya sauti zenu itasikika sauti ya mtu analia, na nduguye ataijua. Mwajiri ajue mnachofanya kabla hajakisikia kwa mwingine. Pia kuna kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020. Piteni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, muulize kama mtahitaji leseni kwa mnachotaka kufanya, ni bora swali kuliko faini.

Kipindi cha kwanza nawashauri kiwe cha mtoto mchanga asiyelia, zile sekunde 60 za mwanzo. Kila zahanati inakutana nalo, halihitaji mashine kubwa, na mkiyapanga vizuri msikilizaji anaweza kuifuata saa ya ukutani pamoja nanyi: kausha, pasha joto, safisha njia ya hewa ikihitajika, amsha kwa kusugua mgongo, na kama bado, mfuko na barakoa ndani ya dakika hiyohiyo. Katikati ya kipindi nyamazeni sekunde 60 kamili. Msizungumze chochote. Mtashangaa dakika ilivyo ndefu, na ilivyo fupi.

Mwisho wa kila kipindi wekeni swali moja msilolijibu, na namba ya kupokelea ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Majibu ya wasikilizaji wa Kilindi na Handeni ndiyo yawe mwanzo wa kipindi kinachofuata.

Kikiwa tayari nirushieni. Nitakisikiliza jikoni, kisha nitawapigia simu kuwauliza hapa kwetu je, na mjiandae kwa kuwa nitabisha.